Gitaa Liko Wapi Katika Hiyo Besi?

Wasikilizaji mlio Homa Bay mjini, Mbita na Sindo, mlio Ndhiwa, Rongo na Awendo, mlio Migori hadi Isebania na Kehancha, leo nataka tuzungumze juu ya kifaa ambacho baadhi yenu mmekivaa hivi sasa mnaponisikiliza: iyafoni ya kuchomeka masikioni, au hedifoni ya kuvaa kichwani. Ukienda kununua kimojawapo sokoni huku kwetu, neno la kwanza la muuzaji ni besi. "Mzee, chukua hii, ina besi." "Brathe, besi ya hii ni moto." Na mnunuzi naye huulizia besi hiyohiyo. Nami nasema mapema ili tusipotezane njiani: mpenzi wa benga akichagua hedifoni kwa besi peke yake, atalipa pesa zake ili afunikiwe muziki anaoupenda.

Tuanze na benga, kwa kuwa hapa iko nyumbani. Daniel Owino Misiani, aliyeongoza Shirati Jazz, alizaliwa mwaka 1940 upande wa Tanzania, karibu na Shirati, mwendo mfupi tu kutoka Muhuru Bay. Alivuka mpaka, akafanya muziki wake Kenya, na akafariki mwaka 2006 kwa ajali ya barabarani mjini Kisumu. Wapiga gitaa wa kizazi chake walikua wakisikia nyatiti, na walipokamata gitaa la umeme vidole vyao vikafuata njia ileile: kudonoa waya mmoja mmoja, haraka, bila kufagia nyuzi zote kwa pamoja. Ndiyo maana benga imejaa sauti fupifupi zinazofuatana. Solo linamwandama mwimbaji neno kwa neno. Mwimbaji akinyamaza, solo linashika zamu yake. Gitaa la pili linajibu kutoka pembeni, rithimu inajaza katikati, halafu waimbaji wanaondoka kabisa na magitaa yanakimbia yenyewe hadi mwisho.

Na besi? Besi ya benga haikai chini ikipiga du, du, du. Inaruka, inakata, inanyamaza nusu ya pumzi, inarudi na neno jingine. Chukua nyimbo za Victoria Jazz ya Ochieng Nelly na Collela Mazee, au za George Ramogi. Unaweza kuuimba mstari wa besi peke yake, mwanzo hadi mwisho, na mtu wa Rongo akakutajia wimbo. Hiyo ndiyo besi ya kulipia pesa: besi inayoimbika.

Sasa tuingie ndani ya sauti kidogo, mnivumilie kwa tarakimu. Sikio lenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hivi kwa sekunde hadi 20,000. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa bila kushikwa, hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Waya mnene wa gitaa la kawaida, mara 82. Waya wake mwembamba, mara 330, na solo la benga hukaa huko na kupanda zaidi. Kila sauti ya waya pia hubeba juu yake sauti nyingine ndogo, nyembamba, zinazofika elfu kadhaa, na hizo ndizo zinazokujulisha kwamba huu ni waya uliodonolewa kwa kidole wala si kinanda. Sauti ya mwanamume anayeimba huanzia mia moja hivi, ya mwanamke juu ya hapo, na zile konsonanti zinazokuwezesha kushika maneno ziko kwenye elfu mbili na kuendelea. Kwa hiyo karibu mambo yote yanayoifanya benga iwe benga yanatendeka katikati na juu ya katikati. Besi ina nafasi yake, tena ya heshima, lakini ni nafasi moja.

Kiwanda kikitaka iyafoni ya bei ndogo ionekane ina nguvu, hunyanyua eneo la kati ya mitetemo 60 na 250. Dukani, kwa nusu dakika, inafurahisha kweli. Tatizo ni namna sikio lilivyoumbwa: sauti nzito hufunika zile nyembamba zilizo juu yake kwa urahisi zaidi kuliko nyembamba zinavyoweza kufunika nzito. Besi ikivimba, ya kwanza kupotea ni besi yenyewe, kwa sababu noti moja haijaisha na nyingine imekwisha kuingia, ukabaki na mngurumo. Kisha rithimu inazama. Kisha maneno yanazama. Princess Jully wa Migori aliimba Dunia Mbaya ili watu wasikie onyo juu ya Ukimwi, wakati ambapo nyumba nyingi za huku zilikuwa zinazika vijana wao. Maneno ya wimbo kama ule yakifunikwa na mngurumo, msikilizaji amenyimwa jambo kubwa sana.

Basi, ukienda dukani usikubali kupimia wimbo wa muuzaji. Wimbo wake umechaguliwa uisifu bidhaa. Nenda na wako, ule unaoujua hadi kikohozi cha mwimbaji. Cheza mahali magitaa yote yapo pamoja, uweke sauti ya simu iwe ya wastani, halafu mfuate mpiga besi peke yake. Je, unaweza kuimba anachopiga? Mwache, umfuate mpiga rithimu. Yupo, au ametoweka? Halafu rudi kwa mwimbaji ujiulize kama unayashika maneno bila kukaza uso. Iyafoni ikikupa hao watatu kwa wakati mmoja, ni nzuri kwa benga, hata kama ni ya shilingi mia chache na sanduku lake halina jina kubwa. Ikikupa mmoja tu, irudishe kwenye meza kwa upole.

Lakini rekodi za benga zenyewe hazilingani, na hili linabadilisha uchaguzi. Nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja ukigawanywa upande wa kwanza na upande wa pili. Wanamuziki wa Nyanza walisafiri hadi Kericho kwenye studio ya Chandarana kurekodi, na Phares Oluoch Kanindo, ambaye baadaye aliingia Bunge, alizisambaza santuri za benga mbali kiasi kwamba kule Zimbabwe muziki huu ukaitwa kanindo, kwa jina lake. Santuri ina masharti yake. Besi nzito hula nafasi kwenye mfereji, kwa hiyo mafundi waliipunguza ili wimbo utoshe. Tena rekodi nyingi za wakati huo ni za mono: sauti zote zinatoka mahali pamoja, na kwenye hedifoni utazisikia zimekaa katikati ya kichwa. Ongeza mikwaruzo ya sindano, vumbi la miaka hamsini, na kanda ya kaseti iliyonakiliwa kutoka kwa santuri hiyo kabla haijafika kwenye simu yako.

Mwenye kusikiliza rekodi hizo, nasema zaidi na wazee wangu, ajihadhari na hedifoni zenye sauti kali za juu. Sikio letu ni jepesi zaidi kati ya mitetemo elfu mbili na elfu tano, na hedifoni nyingi za bei nafuu zina kilima mahali hapohapo. Muuzaji ataiita sauti safi. Ukicheza santuri ya zamani, mikwaruzo yote inakurukia, na baada ya nyimbo nne kichwa kinauma bila wewe kujua kwa nini. Tafuta hedifoni ya sauti tulivu, yenye katikati iliyojaa na juu iliyoshuka taratibu. Kuongeza besi kidogo, kidogo tu, hakutaidhuru rekodi ya namna hiyo, maana santuri ilikuwa imeipunguza.

Jambo jingine ni faili lenyewe. Nyimbo nyingi tunazosikiliza zimetoka saiba au kwenye kibanda cha kujaza memori kadi, mia tatu kwa mkupuo mmoja, na zimebanwa ili zienee. Diski ya CD hubeba kilobiti 1,411 kwa kila sekunde ya muziki. Faili la MP3 la kilobiti 128 limebakiwa na sehemu moja ya kumi na moja ya hizo. Linachotupa kwanza ni vitu vyembamba vya juu: matoazi, kayamba, pumzi ya mwimbaji. Hakuna hedifoni duniani inayoweza kukurudishia kilichotupwa. Ukinunua hedifoni ya elfu kumi ili usikilize faili hizo, itakuonyesha kasoro zake kwa uwazi zaidi. Heri elfu nane zibaki mfukoni, uzitumie kununua muziki wenyewe kutoka kwa wanamuziki wetu, katika faili nzima. Wapo wanaourekodi na kuutunza kwa uangalifu. Ketebul Music ya Nairobi ilitoa mwaka 2008 kazi nzima juu ya historia ya benga, na ukiisikiliza utajua rekodi iliyotunzwa ina nini.

Tuje kwenye nyatiti. Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu sijaona ala nyingine inayoipima hedifoni kwa ukali namna hii. Mpigaji mmoja anafanya kazi ya watu wanne. Ana nyuzi nane anazozidonoa kwa mikono yote miwili. Ameketi kwenye kigoda kifupi, kidole gumba cha mguu kina pete ya chuma, oduong'o, ambayo anaigonga kwenye ubavu wa ala. Mguuni ana gara, njuga zinazolia kila anapotikisika. Na anaimba. Kwa hiyo una mlio mfupi wa waya, ngozi inayorindima chini yake, pete ya chuma ikigonga mti, njuga nyembamba kabisa juu, na sauti ya mtu katikati. Kila kimoja kinaanza ghafla na kukatika ghafla.

Hedifoni nzito na vivu huvikoroga hivi vyote. Pete ya chuma inageuka kuwa mdundo usio na umbo, njuga zinakuwa chakacho. Iliyo nzuri itakuonyesha kwamba pete imegongwa upande mmoja na waya umelia upande mwingine, na utaweza kuhesabu. Chukua albamu ya Ayub Ogada iliyotolewa mwaka 1993 na kampuni ya Real World ya Uingereza, En Mana Kuoyo. Ndani yake kuna Kothbiro, wimbo ambao ulimwengu uliujua zaidi baada ya kuingizwa katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Albamu hiyo imerekodiwa kwa utulivu, kuna nafasi kati ya sauti na sauti. Rekodi kama hiyo inahitaji hedifoni ya wazi, yaani ile ambayo mgongo wake una matundu na sauti inapumua nje. Sennheiser wa Ujerumani walianza kuziuza za aina hiyo mwaka 1968, na hadi leo anayetaka kusikia chumba ambamo ala ilipigwa huzitafuta hizo. Ila hedifoni ya wazi ni ya nyumbani, pametulia. Haizuii kelele ya nje, na jirani yako ataisikia nyatiti yako yote.

Ndugu zangu wa Kehancha na Isebania nao wana iritungu, ala ya Wakuria, ya ukoo mmoja na nyatiti lakini kubwa, yenye sauti ya chini inayovuma na kuwasha kifuani. Hapa namwambia mnunuzi asiikimbie besi. Hedifoni kavu itakupa iritungu iliyokonda, mlio bila mwili. Unachotaka ni sehemu ya chini iliyonyooka na inayoshuka mbali bila kuvimba, pamoja na katikati safi, kwa sababu ule uvumi wa iritungu una punje ndani yake na punje zile ziko juu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Jaribu kwa kusikiliza kama uvumi unaendelea baada ya waya kudonolewa, au unakatika mara moja.

Ohangla ni habari nyingine, na sitaki mashabiki wake waondoke hapa wakidhani nawahukumu. Ohangla ya asili ni ngoma zilizowambwa kwa ngozi ya kenge, na ngoma ni jambo la chini. Ohangla ya siku hizi, kuanzia kwa Tony Nyadundo na Lady Maureen hadi kwa Prince Indah, imeingiza kinanda cha umeme na midundo ya mashine, na besi yake inasukuma bila kupumzika. Muziki huo umetengenezwa kwa kucheza. Ukiusikiliza kwenye hedifoni iliyonyooka sana utaona umepungukiwa, na hisia yako ni sahihi. Hapa ongeza besi, chagua hedifoni iliyofungwa mgongo, iliyokaza vizuri kichwani. Ninachoomba ni uangalie juu pia: kinanda cha ohangla kina sauti kali, na mwimbaji mara nyingi amesukumwa mbele kabisa, kwa hiyo hedifoni iliyonyanyua chini na juu na kuzamisha katikati itakuchosha kabla ya saa moja kuisha. Mkono wa besi uwe mzito, wa juu uwe mpole.

Wengi tuliijua ohangla na rumba kwenye spika kubwa, na nisiwafiche, kwenye disko matanga, zile ambazo wakuu wa serikali huku Nyanza wamezipiga marufuku mara kadhaa na watu wakaendelea kuzipiga. Pale besi huisikii kwa sikio tu. Inakuingia kifuani, ardhi inatetemeka, kikombe kinacheza mezani. Mtu aliyezoea hivyo akivaa iyafoni huona kuna kitu kimekosekana, akaongeza sauti, akaongeza tena. Kilichokosekana ni hewa ya kusukuma mwili. Iyafoni inasukuma hewa ya tundu la sikio peke yake, na hata ukiifungua hadi mwisho haitafika kifuani. Utapata madhara ya sauti bila ile raha. Kuna jambo lililochunguzwa Marekani na Fletcher na Munson, wakalichapisha mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio letu hupungukiwa na uwezo wa kusikia besi kuliko linavyopungukiwa katikati. Ndiyo maana wimbo ukichezwa kwa sauti ya chini huonekana umekonda. Dawa yake si kufungua sauti yote. Nyanyua besi kidogo kwenye mipangilio ya simu, uache kiwango cha sauti palepale.

Kwaya nitazitaja kwa ufupi, ingawa najua Jumamosi asubuhi ndizo zinazotawala kuanzia Kendu Bay hadi Kamagambo. Wasabato wamekuwa Gendia tangu mwaka 1906, na uimbaji wa sauti nne umekwisha kuwa mali ya huku. Kwaya bila ala ni kazi ya katikati tupu. Chukua hedifoni yoyote, msikilize mwimbaji wa alto. Soprano husikika popote na besi husikika popote. Alto ndiye anayepotea, na akipotea kwaya imevunjika.

Sasa niseme na wewe unayenisikia kwa simu ndogo yenye redio ya FM. Unajua kwamba simu hiyo inakuomba uchomeke iyafoni kabla haijafungua redio. Sababu ni kwamba waya wa iyafoni ndio antena yake. Iyafoni ya Bluetooth haina waya huo, kwa hiyo haiwezi kukufanyia kazi hiyo, hata iwe ya bei gani. Kwa mtu ambaye muziki wake wote ni redio, waya mrefu, mzima, usiokatikakatika una thamani kuliko maandishi yote kwenye sanduku. Na mawimbi ya FM hubeba sauti hadi mitetemo 15,000 tu. Ukiona sanduku limeandika 40,000, ujue hiyo ni juu ya kile redio inachotoa, na ni mara mbili ya kile sikio la binadamu linachoweza kusikia.

Waya una faida nyingine huku kwetu. Hauhitaji chaji, na kule visiwani na vijijini ambako chaji ni ya kupanga foleni dukani, hilo si jambo dogo. Ukikatika kwenye pini, fundi wa simu atauchomelea kwa pesa kidogo ukaendelea. Zile ndogo za Bluetooth, betri yake ikizeeka, kwa kawaida haifunguliki, na kifaa kizima kinatupwa. Sizikatazi. Mtu anayefanya kazi ya mikono, anayepanga mizigo au ambaye waya humkwama kila dakika, zinamfaa. Ila ajue analipia uhuru wa mikono, na kwa pesa ileile angepata yenye waya na sauti bora.

Na kwa walio na ndugu ughaibuni, Muscat au Minnesota, anayeuliza akuletee zawadi gani: kama ni hedifoni, mwambie asome kipimo cha omu. Simu hufanya kazi vizuri na zile za omu 16 au 32. Zipo hedifoni za studio za omu 250 na 300, vitu vya ajabu kabisa, lakini bila amplifaya simu haina nguvu ya kuziendesha, na utabaki na hedifoni ya maelfu inayonong'ona.

Kukaa kwa kifaa sikioni kunashinda karibu yote niliyosema. Iyafoni za kuchomeka huja na vipira vya ukubwa tofauti, vidogo, vya kati, vikubwa, na watu wengi hutumia vilivyokuja vimevishwa, wakatupa vingine. Fanya hivi leo jioni. Cheza wimbo wenye besi, kisha sukuma iyafoni ndani taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla, kipira chako ni kidogo na hewa inavuja. Badilisha. Masikio mawili ya mtu mmoja yanaweza kutaka vipira viwili tofauti. Nimewaona watu wakiilaumu iyafoni kwamba haina besi, na wakibadilisha kipira cha shilingi chache ikawa nyingine. Kuziba vizuri pia kunazuia kelele ya nje, na kelele ndiyo inayotufanya tuongeze sauti ndani ya matatu.

Hapo ndipo lazima niseme kwa uchungu kidogo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema vijana zaidi ya bilioni moja wako hatarini kupoteza usikivu kwa namna wanavyosikiliza muziki. Kipimo chao ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90 unabaki na saa 4 tu, kwa wiki nzima. Chembe za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni za sauti za juu: njuga za gara, konsonanti za mwimbaji, sauti ya mtoto anayekuita kutoka chumba cha pili. Kijana anayesafiri kutoka Migori hadi Nairobi usiku kucha akiwa amefungulia sauti yote ili kushinda injini, anajinyima muziki wa uzee wake. Iyafoni inayoziba vizuri ingemwezesha kusikiliza kwa nusu ya sauti hiyo. Na nyinyi wa bodaboda kwenye barabara ya Kisii kwenda Isebania, ile yenye malori ya mpakani usiku na mchana, vueni mkiwa mnaendesha. Vueni zote mbili. Hakuna hedifoni inayolifaa jambo hilo na sitaichagulia mtu.

Dukani, mengine ni haki ya kudai. Muuzaji akikukatalia kujaribu, nenda kwa jirani yake. Safisha vipira kwanza, jaribu na simu yako mwenyewe, sikiliza wimbo mzima, kwa sababu uchovu wa sikio hauji katika dakika ya kwanza. Geuza kulia na kushoto uone kama pande zote mbili zina nguvu sawa. Nyingi za bei ndogo hazina. Shikashika waya karibu na pini muziki ukiendelea, usikie kama unakwaruza. Jina kubwa kwenye sanduku lisikutulize, kwani majina makubwa ndiyo yanayoghushiwa zaidi.

Fundi wetu wa mitambo sasa ataweka wimbo wa Okatch Biggy na Heka Heka. Ulichonacho sikioni, hichohicho, kiache. Mfuate mpiga besi tangu mwanzo, na magitaa yakianza kukimbia, mtafute yule wa rithimu. Asiposikika, kesho ni siku ya soko Rodi au popote ulipo, na simu yako ina wimbo wa kwenda nao.